Dawa ya usingizi kwa dereva wa lori: kisa changu na sonona, kidonge kwa kidonge

Dogo, utingo wangu, ndo aliyeniamsha. Tulikuwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, saa 11 na nusu alfajiri, nyuma nna semi imejaa mbolea, na mimi macho yako wazi kabisa ila sioni kitu, yaani nimelala huku nimeshika usukani. Akapiga ukelele "braza!" nikakuta tairi za kushoto zimeshatoka kwenye lami. Anayeijua ile barabara anajua nasema nini, matuta, giza, tembo anaweza kuwa amesimama tu katikati kama kwake, na ukimgonga mnyama unalipa faini. Sikugonga kitu. Tulivyofika Mikumi mjini nikapaki, nikanawa uso kwa maji ya dumu, nikakaa kwenye ngazi ya gari nikitoa ile karatasi ya khaki yenye vidonge vyangu. Nikawa navitazama tu. Nimepewa vinitoe kwenye shimo, na leo nusura vinizike mimi na mtoto wa watu.

Nakieleza kisa chote kwa sababu kila nikiwasimulia wenzangu wanachukua kipande kimoja tu, wengine "dawa za hospitali mbaya", wengine "ungeenda kuombewa", na ukweli uko kwenye mpangilio mzima.

Nina miaka 41, naendesha Dar mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na mara nyingine navuka mpaka Lusaka au Ndola. Kilichonipata ni sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama na kukosa hamu na kila kitu, na hakikuanza na msiba wala kufumaniwa wala deni. Hicho ndo kilikuwa kinanichanganya. Mtu anakuuliza "una tatizo gani?" unatafuta jibu unakosa, mshahara unaingia, watoto wanasoma, nyumba ya Chanika imefika kwenye lenta. Ila mwili umekuwa gunia. Naamka saa 9 usiku hata kama sina safari, nalala tena siwezi, chakula naona kama natafuna karatasi, na hasira, mungu wangu, zile hasira. Nilikuwa namfokea dogo kwa sababu amefunga turubai kwa fundo nisilolipenda. Huzuni yenyewe ile ya kulia sikuwa nayo, ndo maana hata mimi nilikuwa nakataa, nasema mtu mwenye msongo wa mawazo analia, mimi silii.

Kabla ya kufika kwenye sonona nilishatibiwa malaria mara mbili, taifodi mara tatu, na vidonda vya tumbo sijui mara ngapi. Kila zahanati ina ugonjwa wake. Mama yangu yeye alikuwa na wake, akasema nimefanyiwa kitu na watu wa kazini, akanipeleka kwa shehe wa mtaani kwetu nikasomewa. Sikatai kisomo, kilinipa utulivu wa siku mbili, na yule shehe, namheshimu mpaka leo, ndo mtu wa kwanza kuniambia "mwanangu, nenda na hospitali pia, hili la kuamka usiku wa manane kila siku waambie".

Nikaenda. Hospitali siitaji. Daktari alinisikiliza labda dakika tatu, foleni nje imefika getini, nikamwambia usingizi hamna, mgongo unauma, sina hamu na kitu. Akaandika amitriptilini miligramu 25 usiku, rudi baada ya mwezi. Basi.

Hapa nisimame kidogo maana hapa ndo watu wanapenda kumtukana daktari, na mimi nilishamtukana sana, ila sa hizi simlaumu kiivyo. Amitriptilini ni dawa ya zamani, imetumika tangu 1961, bei yake ni ya chini, ipo mpaka vituo vidogo, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inatuliza maumivu ya neva, inaleta usingizi, inatibu sonona. Mgonjwa anakuja analalamika usingizi, mgongo na kukosa hamu, unampa kitu kinachogusa vyote vitatu, kwenye karatasi inaonekana akili kabisa. Kosa lilikuwa kwenye swali ambalo halikuulizwa. Wewe unafanya kazi gani? Angeniuliza hilo moja tu.

Na mimi sikusema. Hilo nalo niliweke wazi. Kulikuwa na kitu kingine nilikificha, tramado, vile vidonge vikali vya maumivu. Barabarani tunazijua, mgongo ukikaza baada ya masaa 12 unameza mbili unaendelea, unazipata kwa watu wasio na duka wala cheti. Sikuwa nameza kila siku, ila nilikuwa nameza. Tramado na amitriptilini zote zinasukuma serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia, zote zinalaza, zote zinasogeza mtu karibu na degedege. Kwa hiyo ile asubuhi ya Mikumi siwezi kuiwekea amitriptilini lawama zote, jana yake jioni nilikuwa nimemeza tramado mbili pale Chalinze.

Turudi nyuma. Wiki ya kwanza ya ile 25 nililala kama mtoto. Nikasema nimepona! Mke wangu akapika pilau. Lakini usingizi uliporudi vingine vyote vikabaki palepale, chakula hakina ladha, watu wananikera. Niliporudi baada ya mwezi wakapandisha 50, kisha 75. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba ile 25 inatosha usingizi na maumivu ila kwa sonona yenyewe dozi kwa kawaida inapandishwa taratibu mpaka 75, 100, hata 150, kwa hiyo miezi ile ya mwanzo nilikuwa nimetibiwa usingizi tu. Na ilivyopanda ndo nikaanza kuona rangi zake. Mdomo mkavu mpaka ulimi unanata, choo kinafunga siku nne, uzito kilo tano juu, na asubuhi kichwa kimejaa ukungu. Dawa ile nusu yake inaweza kukaa mwilini mpaka siku nzima, sasa mtu umeimeza saa 4 usiku na saa 9 unawasha gari, ukungu utaenda wapi?

Nikafanya ambacho nadhani madereva wengi wangefanya. Siku za safari sinywi, siku za mapumziko nakunywa. Nikaona nimegundua mfumo. Kumbe nimejitengenezea hasara pande zote mbili, dawa za sonona zinataka kunywewa kila siku kwa wiki kadhaa ndo ubongo uzoee na kubadilika, ukiruka ruka unapata madhara yake yote bila faida yake. Ile siku ya Mikumi nilikuwa nimetoka mapumziko ya siku nne, nimekunywa usiku zote nne.

Baada ya pale nikatupa karatasi nzima kwenye pipa. Sikumwambia mtu. Siku tatu nne za kwanza kichefuchefu, jasho, ndoto za ajabu, afu kukatulia, nikasema si unaona, mzima. Wiki ya tano ndo nilizama kuliko mwanzo. Sitaki kuelezea sana. Nilifika mahali pa kuona kama familia ingepumua mimi nisipokuwepo, na mawazo hayo yalikuwa yanakuja yenyewe nikiwa peke yangu kwenye kebini. Nikashukuru mungu siku moja nikamtamkia mama watoto, kwa sauti ya utani, na yeye hakucheka. Akachukua funguo za gari, akampigia bosi akasema nina malaria kali nimetundikiwa dripu. Uongo mtupu, ila angesema nini? Kwa malaria unapewa pole na wiki nzima ya kupumzika. Kwa sonona unapewa dereva mwingine kwenye gari lako.

Kesho yake akanipeleka kliniki ya afya ya akili. Nilikataa kushuka kwenye bajaji dakika kumi nzima nikihofia kuonekana.

Tulipokelewa na sista mtu mzima, ukimwona unasema shikamoo kabla hujajua ni nani. Hakuandika dawa, alikuwa na fomu ya maswali tisa na kalamu. Wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu, umekosa usingizi, umejiona umefeli, na kuendelea, kila swali alama sifuri mpaka tatu, jumla ya juu kabisa ni 27. Mimi nikapata 17. Akanieleza kuwa kuanzia 10 wanaanza kuchukulia kwa uzito wa kati, kuanzia 15 inaelekea kuwa nzito, kuanzia 20 ni nzito kabisa. Swali la tisa ndo lile, umewahi kuwaza bora ufe au ujidhuru. Aliliuliza sauti ileile aliyoulizia usingizi, hakushtuka nilivyojibu, akasema kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa mahali pa kulitua. Nililia pale. Mimi niliyesema silii.

Afu akaanza maswali ambayo kwangu ndo moyo wa kisa hiki. Unafanya kazi gani, unalala wapi ukiwa safarini, unaanza safari saa ngapi? Dawa gani nyingine unameza, "zote mwanangu, na zile za barabarani". Pombe? Mirungi? Kwenye ukoo wenu kuna mtu amewahi kuchangamka kupita kiasi, halali, anatumia pesa ovyo, anajiona mfalme? Nilimfikiria mjomba mmoja ila yeye ilikuwa pombe tu. Aliuliza hilo kwa sababu kama mtu ana ule ugonjwa wa kupanda na kushuka hisia, ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu akapata wazimu wa furaha, matibabu yake ni mengine kabisa. Wakapima na damu, wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, virusi, maana tezi ikilegea nayo inaleta uchovu na huzuni ileile na hapo sonona unaisingizia tu.

Swali la mwisho: "Wewe mwenyewe kwenye dawa unaogopa nini?" Nikasema kulala barabarani. Akasubiri. Mke wangu akatoka nje kidogo, wanawake bwana wanaelewa. Nikasema na nguvu za kiume. Akaandika vyote viwili.

Daktari alivyoingia alikuwa na karatasi ya sista mkononi, na mazungumzo yalikuwa kama fundi anayechagua tairi kwa njia utakayopita. Amitriptilini hapana, sababu tunazijua. Fluoksetini miligramu 20 asubuhi, nayo ni dawa ya sonona ila ya kundi lingine, hiyo inaelekea kuamsha kuliko kulaza. Kuna setralini ya kundi hilohilo, nayo nzuri, ila akanieleza jambo ambalo sijawahi kulisahau: fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu sana, siku kadhaa mpaka wiki, kwa hiyo ukikwama kwenye foleni ya Tunduma siku mbili na vidonge vimeisha hupati ile shida ya kukatishwa ghafla, kizunguzungu na shoti za umeme kichwani ambazo baadhi ya dawa za kundi hilohilo zinaleta upesi. Kwa mtu wa ofisini hilo linaweza kuwa jambo dogo. Kwangu lilikuwa kila kitu. Dada yake dogo alikuja kuanzishiwa dawa akiwa ananyonyesha, yeye wakampa setralini kwa sababu inapita kidogo sana kwenye maziwa, na walikuwa sahihi pia. Ugonjwa jina moja, mahitaji mbalimbali.

Masharti yakaja. Tramado mwisho leo. Fluoksetini inazuia ini kuigeuza tramado kuwa kile kinachotuliza maumivu, kwa hiyo unameza haupoi, unaongeza, huku hatari ya serotonini kuzidi na degedege inapanda. Nikasema basi nitameza diklofenaki, akatikisa kichwa, nayo ikikutana na fluoksetini inaongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu, tumia panado na ununue mto wa mgongo. Mto nilinunua Kariakoo. Usiendeshe wiki mbili za mwanzo mpaka tujue mwili wako unaipokeaje. Na ukizidiwa na yale mawazo usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo. Funguo zibaki kwa mama.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nisidanganye. Kichefuchefu asubuhi, mikono inatetemeka kidogo, wasiwasi umepanda badala ya kushuka, nikamwambia mke wangu hii nayo ni yale yale. Kama wasingeniambia mapema kwamba inaweza kuanza hivyo ningetupa karatasi ya pili kwenye pipa. Nadhani hapo ndo wengi wanapotelea, madhara yanawahi siku ya pili, nafuu inachelewa wiki ya tatu, ya nne, mtu anahukumu dawa kabla haijafika kazini.

Wiki ya nne dogo kanitembelea nyumbani akatoa utani wake wa kijinga kuhusu trafiki wa Makambako na mimi nikacheka. Wote sebuleni wakanyamaza kunitazama. Mimi mwenyewe sikuwa nimegundua. Chai nayo ikaanza kuwa na tangawizi, kumbe tangawizi ilikuwepo siku zote. Wiki ya nane fomu ileile ya maswali tisa, alama 8.

Ila na hofu yangu ya pili ilitimia, kiasi. Mwezi wa pili mambo ya chumbani yakaanza kuchelewa, hamu ipo ila kumaliza ni safari ya Ndola. Mtaani mwanaume hapa ndo anaacha dawa kimyakimya na wala hasemi. Mimi kwa sababu ilishaandikwa kwenye faili tangu siku ya kwanza nilikuwa na ujasiri wa kuitaja. Wakaniwekea mezani: kungoja kidogo maana kwa wengine inapungua, kushusha dozi, au kubadili dawa nyingine ambayo haigusi huko sana lakini ama inalaza ama haipatikani kirahisi. Tukakaa na mke wangu tukazungumza, yeye akasema bora uchelewe ukiwa unacheka. Nikabaki palepale. Mwingine angechagua vingine na asingekuwa amekosea.

Nilimuuliza daktari kama kushindwa kwa dawa ya kwanza ni dalili mbaya kwangu. Akanitajia utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2006, wagonjwa zaidi ya 4000, ni kama theluthi moja tu waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza, wengine wengi walifika kwa kuongezewa au kubadilishiwa. Laiti ningejua hilo siku nimekaa kwenye ngazi ya gari Mikumi. Nilikuwa nadhani kidonge kikigoma basi ni mimi nimegoma.

Kuna nusu nyingine ya matibabu ambayo watu huwa hawaniulizi, ya kuongea. Kukaa na sista kila wiki, baadaye kwa simu nikiwa njiani nimepaki Ilula. Mwanzo niliidharau, nikasema nimekuja kupiga stori? Alikuwa ananipangia vitu vidogo, ukifika Iringa shuka utembee dakika 20 kabla ya kula, mpigie mwanao wa mwisho kila jioni hata kama huna la kusema, madeni ya nyumba yaandike kwenye karatasi usiyabebe kichwani. Aliniambia Zimbabwe kuna mabibi waliofundishwa kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati wakiwasikiliza watu tangu 2006, na huko ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kuwaza sana, kufungisisa, na majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha watu wanapata nafuu kwelikweli. Alisema pia kama ningekuja na alama 7 au 8 siku ya kwanza wasingenipa kidonge kabisa, wangeanza na maongezi na mazoezi. Kwa 17 na mawazo yale, vyote viwili.

Sasa hivi nina mwezi wa saba tangu nijisikie mzima. Wenzangu wakiniona nameza asubuhi wanasema utakuwa teja. Teja anaongeza dozi, anaitafuta, anauza simu. Mimi niko 20 ileile na siku nyingine nasahau mpaka mke wangu aulize. Mpango ni kufika angalau miezi tisa ya uzima, afu kushusha taratibu chini ya macho yao, na nimeomba tusianze kushusha msimu wa mvua ambapo mlima Kitonga unateleza na mimi mwenyewe nakuwa na presha. Wamekubali.

Bosi bado anaamini ilikuwa malaria. Hilo sijalimaliza. Mwezi uliopita kampuni ikataka madereva wote tupimwe afya upya, kwenye fomu kuna mstari, unatumia dawa yoyote ya kudumu? Kalamu ilisimama pale muda mrefu, nyuma yangu foleni inasukuma. Nikaandika fluoksetini 20, asubuhi. Yule mpimaji, kijana tu, akasoma, akainua macho akaniuliza inakulaza ukiwa barabarani? Nikamwambia hapana, ya kwanza ndo ilikuwa inanilaza nikabadilishiwa. Akaandika kitu pembeni, sikuweza kukisoma, akaniambia macho wanapima chumba namba 6.